Sadao Watanabe au Toshiko Akiyoshi: nani ameunganisha vizuri ya kale na ya sasa?

Santuri_Tanga: Wakuu, naombeni ushauri. Nimeanza kusikiliza jazi ya Wajapani, hasa wakongwe wanaochanganya ladha ya zamani na ya kisasa. Majina mawili yanajirudia: Sadao Watanabe wa saksofoni na Toshiko Akiyoshi wa piano. Nianze na yupi?

BabaPili: Anza na Watanabe, mkuu. Kazaliwa 1933 Utsunomiya, baba yake mpiga biwa, ala ya nyuzi ya jadi ya Kijapani, yeye akaipenda jazi. Mwaka 1972 alifika Afrika Mashariki na safari ile ikaingia kwenye muziki wake. Baadaye akatoa albamu zenye majina ya Kiswahili kabisa, "Mbali Africa" na "Pamoja". Mwaka 1978 akaja na "California Shower", laini, ya kuchezeka. Saksofoni yake inaimba, hata asiyejua jazi anaielewa.

NyuziNne: Namheshimu sana Watanabe. Ila kama swali ni kuunganisha, mama Toshiko hana mpinzani. Sikiliza "Kogun" ya 1974. Humo mna tsuzumi, kingoma chenye kiuno chembamba kinachoshikwa begani. Mpigaji akiziminya kamba zake, mlio unapanda. Mna na sauti ya mwimbaji wa Noh, tamthilia ya jadi ya Kijapani, nzito, inavutwa polepole kama mtu anayeita kutoka ng'ambo. Tarumbeta na trombone za bendi kubwa zinanguruma, na bado kile kingoma unakisikia. Tungo yenyewe inatokana na kisa cha Hiroo Onoda, askari wa Kijapani aliyekaa msituni Ufilipino karibu miaka 30 bila kukubali kwamba Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha. Mimi huisikiliza usiku, taa nimezima.

BabaPili: Kwa "Kogun" sibishi. Lakini bendi kubwa ni mzigo kwa anayeanza. Tena Toshiko alipokwenda kusoma Marekani mwaka 1956, aliyeachiwa kundi lake ni huyohuyo Watanabe. Hawa wamepikwa chungu kimoja.

Mwanakinanda: Msimsahau Ryo Fukui wa Sapporo, marehemu tangu 2016. Alianza piano akiwa na miaka 22, akajifundisha mwenyewe, na 1976 akatoa "Scenery". Usasa si mwingi, ila anatuliza moyo.

Santuri_Tanga: Nimerudia "Kogun" mara mbili. Ilipoingia ile sauti ya Noh, chai ikapoa mkononi. Naanza na mama, kisha "Pamoja". Mwenye santuri zake anishtue, nazitaka kweli.