Ni namba gani ya NBA inaonyesha mtu mmoja anakaba aje?

mtaa_wa_kikapu:
Wasee wa kikapu, niaje. Mimi na jamaa yangu tumebishana juu ya Rudy Gobert, yule senta wa NBA aliyekuwa Jazz, hadi watu wa mtaa wametuchoka. Mimi nasema mtu ako na tuzo 4 za mkabaji bora (2018, 2019, 2021, 2024) huwezi niambia hajui kukaba, yeye kila saa ananirudishia ile gemu ya sita ya Jazz na Clippers 2021 venye Terance Mann aliwafunga pointi 39. Nikasema basi tuangalie namba, lakini stili (kuiba mpira) zinasema huyu, bloki (kupangua mpira uliorushwa) zinasema yule, na difensivu reitingi (namba ya ukabaji) inaleta mtu wa benchi juu kabisa. Sasa niamini gani?

kocha_eastlando:
Kijana wangu, stili na bloki zilianza kuhesabiwa NBA msimu wa 1973-74 na mpaka leo watu wanazitegemea juu zinaonekana. Lakini angalia Bruce Bowen, mkabaji wa zamani wa NBA, miaka 8 mfululizo kwa timu za wakabaji bora, 2001 hadi 2008, na wastani wa stili zake NBA haufiki hata moja kwa mechi. Yeye kazi yake ilikuwa kumnyima mtu ile sehemu anapenda kurushia, mpira unapewa mwingine, na hapo hakuna cha kuandika. Halafu kuna wale wa kurukia kila pasi, akiikosa wenzake wanne wanabaki na watu watano, na hiyo pia haiandikwi.

namba_na_nyavu:
Kocha amesema ukweli. Hiyo reitingi ya tovuti ya NBA ni pointi timu inafungwa kwa kila mashambulizi 100 wakati huyo mtu ako uwanjani, kwa hivyo ni namba ya watu watano umeipachika mmoja, na wa benchi mara nyingi anakaba benchi wenzake.

Na hiyo gemu ya Mann ndio mfano mzuri kabisa, irudieni polepole. Clippers walitoa watu wote nje, magadi (wachezaji wa nje) wa Jazz wanapitwa pale mbele, Gobert inabidi aache kona azuie leyapu (mpira wa karibu na ringi), mpira unaenda kona kwa Mann ako peke yake, akaingiza mipira 7 ya pointi tatu kati ya 10. Ukisoma namba ya nani alikuwa anakaba nani, lawama yote ni ya Gobert, yule alipitwa mwanzo hata hatajwi! Mimi hiyo inaniuma sana.

Ukitaka namba moja tafuta RAPM, hesabu ya pointi timu inapata na kufungwa mtu akiwa uwanjani, inajaribu kuondoa mchango wa wale wengine 9 uwanjani, lakini usiichukue ya msimu mmoja, inayumba sana, angalia miwili mitatu.

dada_wa_nyayo:
Naongeza tu, asilimia ya mipira ya pointi tatu ya mpinzani msiiamini haraka, mkabaji anaweza kuzuia tatu isirushwe lakini ikisharushwa kuingia ama kukosa si yake sana. Kwa senta kama Gobert mimi huangalia timu pinzani inarusha mara ngapi chini ya ringi akiwa ndani na akiwa amepumzika.

mtaa_wa_kikapu:
Asanteni sana. @namba_na_nyavu hiyo RAPM inapatikana bure wapi? Jamaa anakuja jioni.