Naomba ushauri: binti yangu wa darasa la tatu, arushwe darasa au abaki?

Ndugu zangu, mimi ni mzazi, mkazi wa Moshi. Binti yangu wa miaka minane yuko darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali. Nyumbani hufanya mazoezi ya hisabati ya kaka yake wa darasa la tano bila kusaidiwa, lakini darasani, wakiwa watoto zaidi ya sabini, humaliza kazi mapema kisha huanza kuwasumbua wenzake, na mara mbili nimeitwa shuleni kwa utovu wa nidhamu.

Mwalimu wake, ambaye kwa wingi ule wa watoto siwezi kumlaumu, amependekeza ahamishiwe darasa la nne sasa hivi. Nasita, kwa sababu hesabu anaziweza ila insha zake bado ni za umri wake, na darasa la nne lina upimaji wa kitaifa. Shule za vipaji maalumu tulizo nazo, kama Ilboru pale Arusha au Kilakala ya wasichana kule Morogoro, ni za sekondari. Huko ni mbali mno kwa mtoto anayechoshwa leo.

Nafahamu kwamba baadhi ya shule za Marekani humwacha mtoto na wa rika lake, akaenda darasa la juu kwa somo moja tu. Je, kuna aliyewahi kumwomba mwalimu mkuu utaratibu kama huo, na alianzia wapi? Na kabla ya kuamua, ni mtaalamu gani anayefaa kumpima?