Wamemwaga maji ya mtoto wa miezi minne, kisha wakaniuliza kwa nini simnyonyeshi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimerudi Nkuhungu juzi usiku. Mtoto amelala, mimi usingizi hauji. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Kama humu yupo anayefanya kazi ya ukaguzi kwenye kiwanja chochote cha ndege, namwomba asome mpaka mwisho.

Mtoto ninayemsema ni wa mdogo wangu. Mdogo wangu alijifungua salama, siku ya tisa akatutoka. Mtoto nikamchukua mimi, mama yake mkubwa. Mwanangu wa mwisho ana miaka tisa, maziwa yalishakauka zamani, kwa hiyo huyu ni mtoto wa kopo tangu wiki yake ya pili. Kule Mvumi kwa bibi yake walitushauri maziwa ya ng'ombe ya kuongeza maji. Nesi wa kliniki akakataa katakata, akasema chini ya mwaka mmoja ni maziwa ya kopo. Basi tukajibana. Kopo la gramu 400 linakwenda siku tatu, na anayenunua kopo hapa Dodoma hahitaji kuelezwa.

Baba yake yuko Muscat kikazi na alikuwa hajamtia mwanawe machoni. Tukakubaliana nimpeleke. Treni ya SGR Dodoma mpaka Dar, halafu ndege mbili, njiani tunabadilisha. Katika viwanja vyote nilivyopita kwenda na kurudi, kimoja ndicho kilichonitenda haya. Jina lake naliacha, maana nikilitaja tutaanza kugombania nchi na jambo lenyewe litapotea.

Nilijiandaa wiki nzima. Bibi yake aliniletea chupa ya chai mpya kutoka soko la Majengo, ya chuma, ya lita moja. Nesi alinikalisha chini akanieleza jambo ambalo wengi tunaotumia kopo kila siku hatulijui: ule unga haujauawa vijidudu vyote kiwandani. Kuna bakteria anaitwa Cronobacter, anaweza kukaa hai ndani ya unga mkavu, na akimwingia kichanga anaweza kumletea homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kuchanganyia yasipungue nyuzi joto 70, ndipo upoze chupa umpe mtoto. Na maziwa yakishachanganywa, yakikaa nje zaidi ya saa mbili yanamwagwa. Kwa hiyo huwezi kukoroga chupa sita nyumbani ukaondoka nazo. Unabeba unga mbali, maji ya moto mbali, unachanganya muda wa kunyonya ukifika. Niligawa unga kwenye vikopo vidogo vyenye vifuniko, vijiko vitano kila kimoja, vya kwenda na mililita 150 za maji. Chupa moja nilikuwa nimeikoroga dakika chache kabla ya ukaguzi kwa ajili ya ndege kupaa. Kwenye treni nilishachanganya mara moja tulipokaribia Morogoro, na hakuna aliyenisumbua.

Sasa tukafika kwenye ukaguzi.

Mtoto nimembeba kifuani kwa kanga. Begi limepita kwenye mashine, likarudishwa, likapita tena. Mkaguzi akatoa chupa ya chai, akaitikisa.

"Hii nini?"

"Maji ya moto ya maziwa ya mtoto."

"Maji hayapiti. Mwisho mililita 100."

Nikamwambia mtoto mmoja, mlo mmoja, anakunywa 150, na safari nzima ana milo mitatu minne. Akasema unga unapita, maji hapana, nitanunua maji ndani. Nikamwomba amwite mkubwa wake. Hakujibu. Akafungua kifuniko, akamimina kwenye ndoo ya bluu iliyokuwa miguuni pake, ndani mna chupa za soda, losheni na mafuta ya nywele. Mvuke ukampanda usoni mpaka akageuza shingo. Maji yote niliyoyachemsha kwa mkono wangu, yanatoa moshi juu ya takataka.

Kisha akashika ile chupa ya kunyonyea iliyokwishakorogwa. "Onja." Sikukataa kuonja. Nilimwomba anidondoshee kwenye kiganja nilambe, nisitie mdomo kwenye chuchu niliyoichemsha. Akasema hapana, nyonya nione. Nikanyonya. Mtoto akaniona, akaanza kufunua mdomo na kupapasa kanga, akidhani zamu yake imefika. Nyuma yangu foleni ndefu, watu wananitazama nanyonya chupa ya kichanga.

Hapo ndipo akaniuliza, kwa sauti ambayo nusu ya foleni ilisikia: "Kwani kwa nini humnyonyeshi?"

Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama yake na barua ya ridhaa ya baba vilikuwa kwenye bahasha juu ya meza ileile, kwa sababu mtoto si wangu wa kumzaa na kila dirisha walivitaka. Nikamwambia, mama yake amefariki. Akasema "pole," akasukuma begi langu pembeni, akaita anayefuata.

Ndani nikanunua maji. Ya baridi, ya friji, nusu lita kwa pesa ambayo hapa mjini unakula wali nyama na chenji inabaki. Maji ya baridi kwenye unga ule ndiyo hasa nesi alichonikataza! Nikazunguka na mtoto analia mpaka kwenye duka la kahawa. Dada mmoja pale akanijazia chupa yangu maji ya moto, akakataa pesa. Mungu ambariki popote alipo. Ila niambieni: aliyeweka utaratibu alikuwa anategemea huruma ya muuza kahawa?

Na ile chupa ya kupaa niliyoinyonya mbele ya foleni, chuchu yake niliitupa, nikafunga ya akiba. Ya akiba ilikuwa moja. Kwenye ndege ya pili, wakati wa kushuka, sikuwa na chuchu safi wala maji ya moto ya kutosha. Nikamwita mhudumu, akasema kwa upole kwamba taa ya mikanda imewaka, hawezi kupita na maji ya moto. Yeye simlaumu, ndege inayumba na maji yanachemka. Lakini mjue kichanga kinamtokea nini pale. Ndege ikishuka, mgandamizo wa hewa unabadilika, masikio yanaziba na kuuma. Mtu mzima anameza mate au anapiga miayo, yanazibuka. Mtoto wa miezi minne hajui hilo, kinachomzibua ni kunyonya. Alilia mpaka magurudumu yakagusa chini, sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo bila kutoa mlio. Baba yake alimpokea hivyo mara ya kwanza katika maisha yake.

Nimetumia siku mbili hizi kusoma sheria yenyewe, maana nilitaka kujua kama kosa ni langu. Hii habari ya mililita 100 ilianza mwaka 2006. Agosti mwaka ule polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliopanga kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Siku zile za mwanzo karibu kila kitu kilipigwa marufuku kwenye mzigo wa mkononi. Na hata katika hofu ile, maziwa ya mtoto yaliruhusiwa, mradi anayemsindikiza ayaonje. Novemba mwaka huohuo Ulaya ikaweka kipimo cha mililita 100 kwa kila chombo, vyote viingie kwenye mfuko unaoonyesha ndani wa lita moja. Humohumo chakula cha mtoto cha safari kikawekwa nje ya kipimo hicho.

Uingereza wanaandika waziwazi: maziwa ya mtoto, chakula cha mtoto, na maji yaliyouliwa vijidudu kwa ajili ya mtoto, kiasi cha kutosha safari, hata yakizidi mililita 100. Maji hayo wanataka yawe kwenye chupa ya mtoto, hili mwenye safari ya huko alishike. Marekani nao wanaruhusu maziwa ya kopo zaidi ya kipimo. Unamjulisha mkaguzi mapema na kuyatoa pembeni ya begi, na kama hutaki chupa ifunguliwe unamwambia, wanakukagua kwa njia nyingine. Kuna karatasi maalumu za kupima mvuke unaotoka kwenye chupa, na kuna mashine za kukagua vimiminika bila kuvifungua. Yaani mdomo wa mama kwenye chuchu si kipimo pekee duniani.

Kwa hiyo shida yangu na sheria ni ndogo. Shida ni mtu aliyekariri tarakimu moja, 100, akaishia hapo. Kuruhusu unga na kumwaga maji ni sawa na kumwambia mtu sembe yako ipite, maji ya kusongea ugali tunamwaga. Unga mkavu hauliwi! Maji ya moto ni nusu ya chakula cha huyu mtoto, na ndiyo nusu inayomlinda.

Na lile swali. Mimi siyapingi maziwa ya mama, mwanangu mwenyewe alinyonya. Kliniki wanahubiri miezi sita ya maziwa ya mama peke yake na wako sahihi. Lakini wako waliofiwa kama huyu, wako mama walio kwenye dawa zisizoruhusu kunyonyesha, wako waliohangaika maziwa yakagoma kutoka. Hakuna hata mmoja kati yao anayepaswa kujieleza kwenye foleni akiwa amevuliwa viatu. Jibu la swali lile halipimi kilichomo kwenye chupa.

Ninachotaka ni vitu vya kawaida. Shirika linalouza tiketi ya mtoto wa kupakatwa liandike kwenye tiketi hiyohiyo maji yake yabebwe vipi na kwenye chombo gani. Ukaguzini libandikwe tangazo, la Kiswahili likiwemo, mkaguzi na mama wasome maneno yaleyale. Baada ya ukaguzi liwepo birika la maji yanayochemka. Sisi wa Dodoma tuna mradi wetu wa uwanja wa kimataifa pale Msalato, na wahusika wengi wanaishi mji huuhuu. Nawaomba birika hilo liwe kwenye hesabu zao, na anayesimama kwenye mashine afundishwe kuhusu kopo kama anavyofundishwa kuhusu kisu.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mkuu uliyesema ningemwacha mtoto kwa bibi yake mpaka akue, baba yake alishamzika mke kwa simu. Sikutaka mwanawe naye amjue kwa simu. Dada uliyeuliza, hapana, hakuharisha, namshukuru Mungu, ila nilikesha siku tatu namshika paji la uso.

Desemba tunatakiwa kwenda tena. Atakuwa na miezi tisa, kopo bado lipo. Aliyevuka na maji ya moto mwaka huu anisaidie: aliyabeba kwenye chupa gani, na alimwambia nini mkaguzi kabla begi halijaingia kwenye mashine?