Mrejesho: presha ya mama, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza kama mama aanze dawa baada ya kupimwa mara moja tu na kukutwa na 168/98, ilhali haumwi popote. Nawashukuru sana mliosisitiza apimwe upya.

Daktari aliuliza kwanza alipimwaje. Kumbe alipimwa akiwa ametoka juani, anahema, na mkanda umefungwa juu ya mkono wa buibui! Safari hii alikalishwa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, hakukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, na hakunywa kahawa nusu saa kabla. Ikashuka, lakini 152/94. Tukaazima mashine, tukampima nyumbani asubuhi na jioni wiki nzima. Wastani 146/90. Mpaka wa kuhesabiwa una presha ukipimwa nyumbani ni 135/85, si 140/90 ya kliniki, kwa hiyo presha anayo kweli. Akapimwa pia mkojo, figo na sukari.

Ameanzishwa amlodipini, dawa ya kushusha presha. Vifundo vya miguu vikavimba. Hatukukatisha dawa, tulirudi kwa daktari, akapunguza dozi na kuongeza dawa ya pili. Sasa inacheza kwenye 128/80, alhamdulillahi.

Kazi kubwa ni ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) na achari. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na mama bila ng'onda haoni kama amekula. Tumehamia samaki mbichi, ndimu na pilipili. Analalamika, ila sahani inarudi tupu.

Mwezi ujao tunarudi kupima figo tena.