Ubao wa saizi gani kwa upepo wa Kusi unaopita nodi 25?

PajeMashariki
Salamu wakuu. Niko Paje, Zanzibar, nateleza baharini kwa ubao nikivutwa na kaiti, yaani tiara kubwa, nina kilo 78. Ubao wangu ni sentimita 142 kwa 43, kaiti ninazo mbili, ya mita za mraba 12 na ya 9. Upepo wa nodi 15 hadi 20 hauna shida. Ukifika 25 na maji yamejaa, hata nikiwa na ya 9, ubao unadunda juu ya viwimbi, ukingo wa visiginoni haushiki, na ninasukumwa demani (upepo unakoelekea) badala ya kwenda joshi (upepo unakotoka). Nimeona mbao mbili zinauzwa: 132 kwa 39, na 136 kwa 40.5. Nichukue upi? Na kinachoangaliwa zaidi ni urefu au upana?

KambaNne
Mkuu, tuanze na kaiti ndipo tuje kwenye ubao. Upepo ukiongezeka kasi, nguvu yake inaongezeka kwa kasi mara kasi. Zidisha mita za kaiti kwa nodi, kisha kwa nodi tena. Kaiti ya 12 kwenye nodi 18 inatoa 3,888. Ya 9 kwenye nodi 25 inatoa 5,625, karibu nusu zaidi. Ya 7 kwenye nodi hizohizo 25 inatoa 4,375. Ni makadirio tu, maana kaiti ndogo hukimbia zaidi angani, na ba, yaani mpini unaoushika, nayo inakuruhusu kupunguza nguvu. Ila unaona tatizo lilipo: kwa kilo 78, kaiti ya 9 ikifika nodi 26 imeshakaribia mwisho wake, na ubao mdogo hautibu kaiti kubwa.

Utajua kaiti imekuzidi ukiwa umeisukuma ba hadi mikono imenyooka, mkanda wa kupunguza nguvu umeuvuta karibu wote, na bado unaburutwa. Usiendelee kuuvuta huo mkanda. Kamba za nyuma zitalegea, kaiti itachelewa kugeuka, na pigo kubwa la upepo likija hutaweza kuielekeza. Toka majini, funga ya 7.

Jambo jingine: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa, hiyo ni kama nodi 22. Mapigo huvuka wastani. Kaiti ichague kwa mapigo. Ubao uchague kwa wastani na hali ya maji.

FundiMbao
KambaNne kamaliza upande wa kaiti. Nijibu la ubao.

Upana, ndugu yangu. Kwenye ubao kama wako, kupunguza sentimita 1 ya upana kunaondoa eneo sawa na kupunguza sentimita 3 na kidogo za urefu. Wanunuzi wengi husoma namba ya kwanza tu, na ile ya pili ndiyo inayoamua ubao utashika maji vipi. Zidisha urefu kwa upana: 136 kwa 40.5 ni pungufu kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na wako. Ule wa 132 kwa 39 ni pungufu kwa karibu asilimia 16, na hiyo ni hatua kubwa mno kwa mara moja.

Kinachokusumbua ni hiki. Kadiri unavyokwenda kasi ndivyo maji yanavyouinua ubao, na ubao mpana unainuka kuliko uzito wako unavyoweza kuukandamiza. Visigino vyako viko mbali na ukingo, kwa hiyo unahitaji nguvu nyingi ya miguu kuulaza ubavu. Usipolala, tumbo la ubao linapigwa na kila kiwimbi, ukingo unatoka majini, na kaiti inakuvuta demani bila kipingamizi.

Chukua wa 136 kwa 40.5. Ule wa 132 ni mzuri kwa mtu wa kilo 55 hadi 65. Kwa kilo 78 ungefaa upepo wa nodi 28 kwenda juu, usiokatika. Upepo ukilegea kidogo, ubao mdogo unazama. Ili usizame unaishusha kaiti kwa nguvu, na pigo linalofuata linaikuta ikiwa katikati ya upepo, pale inapovuta zaidi. Watu wengi hurushwa namna hiyo.

Angalia na mpindo. Ondoa mapezi ya chini ya ubao, weka mbao zote mbili juu ya sakafu iliyonyooka, ulinganishe ncha zimeinuka kiasi gani. Ulionyooka huanza kuteleza mapema na hukimbia, ila kwenye viwimbi unayaumiza magoti yako. Uliopinda zaidi hupunguza kasi kidogo na kupita juu ya viwimbi kwa ulaini. Kwa maji ya Paje yakijaa wakati wa Kusi, mimi ningechagua uliopinda bila kusita.

DianiKwetu
Naongezea mapezi, maana mtu hubadilisha ubao akasahau vitu vya shilingi chache. Kama yako ni ya sentimita 4, jaribu ya 5 maji yakiwa yamejaa. Ukingo utashika vizuri zaidi. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, rudisha ya 4, kwa sababu pezi refu likigusa mwamba au kamba za mwani ubao unasimama ghafla na wewe unaendelea mbele.

Pedi za miguu usizihamishe kwa kuhesabu matundu. Pima kati ya pedi na pedi kwenye ubao wa zamani kwa futi ya fundi, uweke kipimo hichohicho kwenye mpya.

Halafu Paje upepo wa Kusi unakusukuma upande wa ufukweni. Kamba zikiwa za mita 24, acha angalau mita 50 kati yako na ukuta, mti au vigingi vya mwani vilivyo demani. Jaribu kifyatulio cha usalama, kile kinachoikata nguvu kaiti, nchi kavu kabla ya kuingia, kila mara, mchanga hukikwamisha.

PajeMashariki
Shukrani sana. Kaiti ya 7 nitaitafuta kwanza. Huo wa 136 umeshatumika, nikague nini?

FundiMbao
Pitisha kidole ukingo wote, taratibu. Ufa unaoshika kucha unaingiza maji, na maji yakifika kwenye mbao za ndani ubao unavimba na kuwa mzito. Bonyeza sehemu ya kukanyagia: ikibonyea au ikitoa mlio, uache. Kisha fungua skrubu zote za pedi na za mapezi, uzirudishe kwa mkono. Skrubu inayozunguka bila kukaza ina maana nati iliyozikwa ndani ya ubao imeng'oka, na kuitengeneza si kazi ndogo. Zikikaa sawa, zipake grisi kidogo, kaza bila kulazimisha, na baada ya kila safari suuza kwa maji yasiyo na chumvi.