Grafana, Zabbix au Kibana: ipi haimpotezi mgeni?

FundiMtandao_
Wakuu salaam. Ofisini tunataka dashibodi, yaani skrini ya grafu ya kufuatilia hali ya seva zetu, na Ijumaa natakiwa kupeleka jina moja kwa bosi. Zilizobaki ni Grafana, Zabbix na Kibana. Habari za uwezo nimesoma mpaka basi. Nauliza hili tu: mtu akifungua kwa mara ya kwanza, ipi haimpotezi?

nyaya_na_swichi
Mkuu, swali lina kiwiliwili, kichwa hakipo. Seva ngapi? Data inakusanywa na kuhifadhiwa na nini, Prometheus (ya vipimo), Elasticsearch (ya logi), au bado hamna kitu? Na atakayekaa mbele ya hiyo skrini ni fundi au meneja?

kibodi_tu
Grafana, tufunge mjadala. Muda unaubadilisha kona ya juu kulia, seva unaichagua kwenye vile visanduku vya juu, paneli zote, yaani grafu moja moja za ukurasa, zinageuka pamoja. Grafu ikipanda ghafla, buruta juu ya kile kilima, inakikuza hapo hapo. Na kipanya si lazima: weka mshale kwenye paneli, bonyeza v inajaa skrini nzima, e unaihariri, alama ya kuuliza inakuletea njia za mkato zote.

mzee_wa_zabbix
Mshale utauwekaje bila kipanya, kijana? Halafu mwambieni ukweli: Grafana peke yake haikusanyi vipimo, inachora vya wenzake. Zabbix inakusanya, inahifadhi, inapiga kengele na inachora. Menyu zake nyingi, sikatai, lakini ukurasa wa matatizo pekee unatosha: kila tatizo na rangi ya uzito wake, limeanza saa ngapi, limedumu muda gani.

logi_kwanza
Kibana mnaipita kama si mzazi. Grafana ilizaliwa 2014 kutoka kwenye msimbo wa Kibana 3. Na ukitaka kujua seva imelia kwa nini, utarudi kwenye logi tu, yale maandishi ya matukio ya seva, na Kibana ndiyo kazi yake.

kibodi_tu
Ukoo na menyu wapi na wapi?

DadaGrafu
Langu ni refu kidogo. Kazini kwangu kwa zamani tulikuwa na programu ya aina hii, jina naliacha. Ikifunguka inaonyesha siku 7 zilizopita, na hakuna aliyejishughulisha kubadilisha. Watumiaji wanapiga simu kila usiku kwamba mfumo unagoma. Tukitazama, mstari wa prosesa umelala kama mkeka. Lawama zikamwangukia mtu wa mtandao. Akabadilisha nyaya, akabadilisha swichi, maskini. Mpaka kijana wa mafunzo akapunguza muda hadi saa 1, kikajitokeza kilele kinachogonga asilimia 100. Kwenye siku 7 kila nukta ilikuwa wastani wa dakika nyingi, kwa hiyo dakika chache za moto zilizama humo. Tangu hapo anayeninadia dashibodi namuuliza: nikivuta muda mrefu, napewa wastani au kilele? Na pa kubadilishia ni wapi?

mzee_wa_zabbix
Zabbix kwa data ya zamani inatunza thamani ya chini, ya wastani na ya juu ya kila saa.

kibodi_tu
Hata Grafana inawezekana. Kama chanzo ni Prometheus, andika max_over_time (kilele) badala ya avg_over_time (wastani).

DadaGrafu
Ndiyo hapo sasa. Mgeni wa mleta mada ataandika hayo?

FundiMtandao_
Samahani, nilikuwa kikaoni. Seva kama 40, data bado hatukusanyi. Watazamaji ni dawati la huduma, skrini itatundikwa ukutani. Na mmoja wao hatofautishi nyekundu na kijani.

nyaya_na_swichi
Hayo ndiyo ungeanza nayo! Kama hamkusanyi chochote, weka Zabbix kwanza. Ukuta ukitaka urembo, Grafana ina programu-jalizi (kiongezeo) ya kusoma data ya Zabbix.

kibodi_tu
Ya ukutani bonyeza d kisha k, menyu zinajificha. Rangi tumia bluu na chungwa.

logi_kwanza
Rangi pekee haitoshi, andikeni na neno. Na hizo skrini za ukutani nani huwa anazitazama?

mzee_wa_zabbix
Yetu haikumaliza mwezi, wakaanza kutazamia mechi za mpira.

FundiMtandao_
Bosi asisikie hilo. Na kwenye simu je?

kibodi_tu
Kwenye simu zote zinabana. Grafana inapanga paneli moja chini ya nyingine, grafu zinasomeka. Majedwali ndiyo yanakatwa upande.