Tupeane uzoefu: bei ya kiwanja kitupu mnaijuaje ni ya kweli?

Mgeni_wa_Mapinga: Wakuu habari za jioni. Leo nimezungushwa na madalali Mapinga mchana kutwa, viwanja viwili vinatazamana, ukubwa ule ule, kimoja milioni 25 kingine 14, nikiuliza tofauti naambiwa "hicho ni cha mama mmoja ana shida". Mwenye uzoefu atiririke, nisije uziwa upepo.

Bikoni: Mama mwenye shida 😂 huyo mama ana shida tangu nikiwa sekondari. Mkuu beba tepu yako. Goba niliuziwa "20 kwa 20" kumbe za hatua, na aliyepima ni mfupi, tepu ikasoma 16 kwa 16. Yaani mita za mraba 256 naambiwa nilipie 400.

Dalali_Mwaminifu: Hatua ndo kipimo cha mtaani, kila mtu anajua. Msichafue kazi za watu.

Bikoni: Anajua nani? Kwenye karatasi ya serikali ya mtaa umeandika hatua au mita?

Dalali_Mwaminifu: We nunua vya hati basi kama hela unayo.

mama_wawili: Mimi mmenikumbusha Chanika jamani. Nusu eka, bei ya kutupa, mume wangu keshapenda, mimi nikasema mthamini aje kwanza maana tulitaka kukopea. Muuzaji mzee mpole, kapanda matembele eneo zima, matuta yamenyooka. Kijana wa watu anazunguka na tepu akafika chini ya mwembe akasimama, mzee mbona tuta hili peke yake limelala upande mwingine? Mzee eti nililima jioni. Kijana akachomeka mtaimbo, ngo! Kufunua majani ni zege, lina jina na tarehe. Mzee akaanza kulia, ni mke wake wa kwanza. Hatujakaa sawa watoto wa marehemu hao wanakuja na mapanga, sijui nani kawaita, hapa kwa mama hapauzwi! Tulikimbia, kiatu kimoja cha mume wangu kipo kwenye matembele mpaka leo.

kiluvya_mjini: Nimecheka mpaka nimeona aibu, mzee wa watu alikuwa analia.

Bikoni: Dada na mthamini mlimlipa??

mama_wawili: Alikimbia wa kwanza, hela tulimtumia kwa simu 😂

Mpimaji_Mstaafu: Turudi kwenye mada. Mgeni, bei anayotaja muuzaji siyo thamani. Tafuta vilivyouzwa karibuni mtaa huo vikaenda kwa ngapi kweli, halafu toa au ongeza: kimepimwa au hakijapimwa, matumizi ni makazi au biashara, gari inafika, umeme na maji viko wapi. Mthamini awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, sheria ipo tangu 2016. Ukikopea, benki inaangalia pia bei ya kuuza haraka haraka, na hiyo ni ndogo kuliko ya soko, usishangae.

tembo_wa_vikindu: Hela ya mthamini nunua soda uwape wauza genge wa pale, watakwambia mpaka kesi za ukoo.

kiluvya_mjini: Na kuwa karibu na lami msikushabikie sana. 2017 hifadhi ya barabara huku kwetu ilihesabiwa mita 121 kila upande, nyumba zenye hati zikalala chini.

Kitengela_Boy: Huku kwetu Kenya broka anasema dakika tano kutoka lami, hasemi ni kwa Probox ikiendeshwa na kichaa. Fanya search kwanza, yaani ofisi ya ardhi wakwambie mwenye kiwanja ni nani, mengine baadaye.

tembo_wa_vikindu: Nenda mwezi wa nne mvua ikinyesha, uvae mabuti.

Mgeni_wa_Mapinga: Asanteni. Mama wawili, lile eneo lilikuja kuuzika?

mama_wawili: Alichukua jirani, kasoro kona ya mwembe. Nasikia alitoa nusu ya ile bei tuliyoambiwa sisi.

Dalali_Mwaminifu: Ninacho Kisarawe, hakina kaburi. Njoo inbox.

Bikoni: Za hatua au mita?